Tobias Wambua Makau, Mpimaji wa Kichocho wa Ruiru

Marehemu Tobias Wambua alizaliwa tarehe 3 Machi 1922 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, Thika, mtoto wa tatu wa Mzee Makau na Mama Ndunge. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaacha masomo baba yake alipofariki.

Mwaka 1951 aliajiriwa na wataalamu waliokuja Ruiru kuchunguza kichocho, ule ugonjwa wa kukojoa damu. Aliokota konokono mtoni, aligawa makopo ya mkojo, na kutafuta mayai ya minyoo kwa darubini. Ilipofika Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopambana na Mau Mau, watu wakazungushiwa handaki vijijini, mtu wa kuandika majina hakuaminiwa tena. Walinong'ona kwamba mkojo unapimwa kuona nani amekula kiapo cha Mau Mau.

Msichana mmoja wa kijijini, Waceke binti Waweru, alimpa kopo la chai ya rangi badala ya mkojo. Kesho yake Wambua akawa mlangoni kwao.

"Dada, chai yako haina kichocho. Hata sukari haina."

"Nilitaka kujua kama unapima kweli au unatuchezea," Waceke akajibu. Siku hiyo akatoa mkojo.

Agosti 1955, mgonjwa mmoja, Mzee Muigai, alifariki siku mbili baada ya sindano yake ya tatu ya dawa ya kichocho. Watu wakawafungia wapimaji milango. Daktari mkuu akasema ni uzee, lakini Wambua hakuridhika. Alifungua daftari la wagonjwa, akaona moyo wa mzee haukuwahi kusikilizwa, ingawa dawa ile huweza kudhuru moyo. Daktari akamwambia arudi kwenye darubini yake. Wambua akavua koti jeupe, akaliweka mezani.

"Basi tafuta mwingine wa kuwaita watu. Mimi siwaiti mpaka kila mmoja asikilizwe moyo kwanza. Na uanze na mimi, nje, wakiona."

Naye alikuwa na kichocho. Alidungwa uwanjani, akatapika mbele ya kijiji kizima, nao wakakaa kumwangalia kama atakufa. Hakufa. Tangu hapo hakuna aliyedungwa kabla ya kusikilizwa moyo, na sindano haikuua mwingine.

Alimwoa Waceke tarehe 14 Aprili 1956, Ruiru. Mama mkwe alimpenda, ila mkoba wake wa kazi, wenye makopo ya mkojo, ulibaki nje ya nyumba siku zote.

Mwaka 1958 alianza tena kukojoa damu. Mto ulikuwa umemrudishia minyoo, na figo zikachoka. Wapo wanaosema wakubwa wake kazini walijua mapema kwamba ugonjwa umemrudia, wakanyamaza. Waceke alipomuuliza, alisema, "Hata mimi nawashuku. Lakini ugonjwa wenyewe ni wa kweli, mayai ya minyoo niliyaona kwa macho yangu." Alifariki tarehe 9 Novemba 1959, hospitalini Thika.

Ameacha mama yake, mjane wake Waceke, watoto wawili, Makau na Wamboi, na dada wawili. Juzi Waceke aliandika barua kuomba majibu yote ya vipimo vya mumewe. Bado anangoja.

Bwana amlaze mahali pasipo mashaka, apumzike kwa amani.