Taa ya Tatu ya Breki

Treni ilikuwa ikimbembeleza mshonaji kwa usingizi aliposikia, kiti cha mbele, mzee akimlalamikia fundi umeme wa magari aliyekutana naye humo humo.

"Gari langu la spoti la zamani, mwanangu, binti yangu halipandi tena mpaka niongeze taa ya breki!"

"Limelala chini kama mkeka, mzee wangu. Mwenye lori nyuma yako ataona breki saa ngapi? Bandika moja ndani ya kioo cha nyuma, hutoboi kitu."

"Nimbandike plasta bibi harusi?"

"Basi endesha peke yako."

Mzee akatazama mashamba yakielea dirishani. "Bila yeye, ni kama naendesha ndotoni. Hiyo taa... ndogo kabisa ikoje?"

Fundi akainua vidole kupima. Treni ikasimama kituoni kwa mshonaji, naye akashuka shingo upande, kabla hajasikia mwisho wake.