Matuta ya Shamba la Juu

Sikilizeni wanangu, na wewe kitinda mimba acha kusimama mlangoni kama mgeni, njoo ukae karibu na dada yako, hata kama hamjasemezana tangu alipokukataza kuingiza trekta shamba la juu.

Nilifika bonde hili nikiwa mtaalamu wa maji, msichana mwenye maneno mengi na kifaa cha kupimia mvua, na baba yenu, Mungu amrehemu, akaniuliza, "Bibie, mvua ikishanyesha unaipima ya nini?" Nikamwambia nataka kujua kiasi gani kitazama ardhini na kiasi gani kitatiririka hadi kwenye nyumba za bondeni. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanibebea vyombo vyangu, na hakuacha kunibebea hata baada ya kuoana.

Ofisini tulikadiria mafuriko kwa mvua ya siku ile tu. Mimi nikataka tupime pia unyevu wa udongo kabla ya mvua, na tulinganishe shamba lenye matuta ya kukinga maji na lisilo nayo. Mkuu wangu akanuna, baba yenu akanipa shamba lake, hili la juu, nijaribie. Ndipo mwaka mmoja mvua ndogo ikanyesha juu ya udongo ulioshiba maji, na hesabu mpya ikasema mto utafurika. Majirani walinicheka, baba yenu akajitwika godoro la mama yake, akatangulia kuhama, nao kwa kuona haya wakamfuata. Maji yaliingia kila nyumba, yasikute mtu.

Basi shamba la juu ni lenu wote wawili, msiligawe. Matuta yasivunjwe, maana hesabu ya kuwaonya watu wa bondeni imejengwa juu yake, na ikidanganya watalala wakidhani wako salama. Dada mtu, vyombo vya kupimia ni vyako. Kitinda mimba, nyumba ni yako, na trekta lako lifuate matuta, lisiyakate. Mpe dada yako mkono. Mkono, si vidole! Ehee.

Nipeni maji… kidogo tu. Mnizike upande wa juu wa baba yenu… alipenda kunitazama nikiteremka kilima. Mungu awalinde… awape wenza wa kucheka nao… kama nilivyocheka mimi. Nimechoka, wanangu. Mmoja wenu aendelee kuzungumza… yeyote… nilale na sauti yenu.