Donge la Deni na Kopo la Kukatia

Mgeni rasmi, Mkuu wa Ofisi ya Mikopo ya Wanafunzi, Meneja wetu, na ninyi ndugu na jamaa mlioacha kazi zenu kuja kunusa mkate wa bure:

KARIBU UNGANI

Mheshimiwa, tunakupokea kwa mikono miwili. Kama koti lako jeusi limeshapata weupe begani, usijali. Hapa hata paka wetu mweusi huonekana mweusi siku ya mapumziko tu. Wenzetu wakipata oveni mpya humwita mkubwa wa viwanda kuja kuizindua. Sisi tumekuita wewe wa mikopo, na hatukukosea mlango. Vuta subira, tutafika.

TULIKOTOKA

Tulianza na oveni moja iliyokuwa ikioka upande mmoja, upande wa pili ikitafakari. Lakini adui yetu hasa alikuwa kuvu. Mkate ukitoka asubuhi, jioni una ndevu. Mteja mmoja alirudisha wake akasema, "Huu msinibadilishie, mpelekeni kwa kinyozi."

Ndipo akaingia binti mmoja kuomba kazi ya kaunta. Meneja akamuuliza ana cheti gani.

"Shahada ya biolojia."

"Mama, hapa hatuuzi wanyama."

"Na hamira je, bosi? Mnafuga viumbe hai kwa mamilioni, hata hamjui wanapenda kula nini."

Akaajiriwa kabla hajakaa. Tangu siku hiyo jina lake ni Bi Hamira, na lile la kuzaliwa analijua mama yake na ofisi yako.

MAFANIKIO

Bi Hamira hakugusa kaunta. Aliomba visahani vya chai, akavipaka uji wake wa maabara wa kuoteshea vijidudu, akapitisha pamba mezani, kabatini, na kwenye kitambaa cha Shangazi wa Mauzo, kile alichokuwa akifunikia mikate, kisha akaigusisha pamba hiyo kwenye visahani. Baada ya siku chache kila kisahani kikaota bustani yake ya kuvu. Cha kitambaa kilikuwa msitu kamili. Kilichokosekana ni simba.

"Mwanangu, unanitukana kwa kisahani?" Shangazi akawaka.

"Shangazi, mimi nimenyamaza. Kisahani ndicho kimesema."

Kitambaa kikachomwa moto. Mikate ikaanza kupoa vizuri kabla ya kufungwa, ndevu zikakoma, wateja wakarudi, na oveni hii inayong'aa mbele yako ikanunuliwa. Meneja amemwahidi Bi Hamira stoo ya zamani iwe maabara yake. Shangazi mwenyewe ndiye anayeipaka rangi. Na ndiye anayekusomea risala hii.

TULIVYOPIMA

Sasa tumefika, Mheshimiwa. Tunaye mkandaji wetu, Ngumi, ambaye binti yake amepata nafasi ya kusoma biolojia kwa mkopo. Alimfuata Bi Hamira saa ya chai. "Dada, niambie kweli. Inalipa?"

"Kaka Ngumi, sisi tuna mizani. Tupime."

Hesabu ya Bi Hamira ilikuwa kwamba deni lake lote linalingana na mshahara wake wa mwaka mmoja. Basi yakakandwa madonge mawili yenye uzito mmoja. La deni likatiwa hamira, kwa sababu madeni yana tabia hiyo. La mshahara halikutiwa, kwa sababu tunamjua Meneja. Yakakalishwa kwenye mizani ya sahani mbili, tukaenda kunywa chai.

Tuliporudi, wallahi, donge la deni lilikuwa limefura hadi linachungulia dirishani. Ngumi akashika kichwa. "Mnaona? Limezaa! Binti yangu haendi!"

Bi Hamira akacheka mpaka akakaa kwenye gunia. "Kaka, acha kutazama donge. Tazama mizani."

Tukatazama. Sahani zilikuwa sawasawa, kama tulivyoziacha.

"Limeumuka, halikuongezeka. Hiyo ni hewa. Watu wengi hukimbia hewa."

Ngumi akalipiga ngumi moja, likatoa pumzi ndefu, likanywea. Akacheka na yeye.

CHANGAMOTO

Laiti hadithi ingeishia hapo. Bi Hamira akaligawa donge la mshahara vipande kumi na viwili, akachukua kimoja. "Huu ndio mwezi wangu." Akamega cha kodi ya chumba. Akamega cha nauli. Cha chakula. Cha mama. Kisha akachukua kopo letu la kukatia mikate midogo, akasema, "Na hili ni kato la Ofisi ya Mikopo. Kopo ni moja kwa wote."

Akaliweka juu ya kilichobaki. Kopo likazidi donge.

Hapo hakucheka mtu. Yeye alijaribu, lakini mkono wake ulibaki juu ya lile kopo.

Kuna kampuni ya dawa inayomtaka akauze dawa zake katika mji wa mbali, kwa mshahara mara mbili. Kopo litaenea. Ni kazi ya halali, hatuibezi, ila hamira haiumuki mkobani mwa muuza dawa. Jibu lao wanalitaka Ijumaa. Na Ngumi amesema, "Akibaki, wangu anakwenda kusoma."

Bi Hamira hajui kwamba haya yamo humu. Aliambiwa risala ni ya oveni. Sasa hivi anatukodolea macho kule nyuma. Mheshimiwa, tafadhali usigeuke.

MAOMBI

Dawa ya deni ni kulipa, na hapa hakuna anayebisha. Lakini kila dawa ina kipimo chake. Barua yenu ya mwisho ilimwita mdaiwa sugu. Yeye ametufundisha kwamba hata kijidudu huwa sugu kwa kupewa dawa kwa kipimo kibaya.

Hatuombi afutiwe hata punje. Tunaomba mmege kwa kadiri ya donge. Mshahara wake ukiwa mdogo, kateni kidogo. Siku ukiumuka, kateni kikubwa, na sisi tutawashikia kisu. Atachelewa kumaliza, lakini atamaliza akiwa hapa, na mtajua pa kumpata: fuateni harufu.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tunaomba kulipa kuwe chai tu ya kawaida.

Mheshimiwa, mkate huo ulio mbele yako ndio lile donge la deni. Tulilikanda upya, likaumuka tena, tukalioka asubuhi hii, la kwanza katika oveni mpya. Karibu uwe mtu wa kwanza kulipunguza. Kisu kiko kuliani kwako. Kopo tumelificha.

Mungu akupe afya, akupe meno ya kutafuna ganda, na akurudishe kwako salama ukiwa na unga kidogo begani, mkeo akuulize ulikuwa wapi.

Ni sisi watumishi wako,
Wapika Mikate wa Zamu ya Asubuhi, pamoja na mstaafu wao mmoja aliyeachana na oveni lakini si na kalamu.