Papa Floribert na Gari Iliyokaziwa Juu ya Kriki

Baba Padri, wakubwa wa jamaa, majirani wa mutaa wa Essence, na wewe Papa Maneno uliyepanda kutoka Uvira pamoja na muke wako Mama Salwa, mbele ya kusoma tarehe za marehemu, anayewasomea karatasi hii, Josué, mudogo wake wa mwisho na mufundi mwenzake wa miaka mingi, ameomba jamaa ruhusa ya kutanguliza kosa lake, kwa sababu Jumamosi tarehe 17 Machi 2018 alimudanganya huyu kaka yake aliyelala hapa, na uongo huo ulimuangukia kaka, haukumuangukia yeye, na mutausikia ukifika mahali pake.

Papa Bulonza Floribert alizaliwa Miti, tarehe 9 Agosti 1967, mutoto wa tatu wa muzee Bisimwa na mama M'Cishugi, wote wawili wametangulia, na mama alikuwa akisema kwamba huyu mutoto alijua kutembea mbele ya kujua kukaa, na kweli kukaa hakukujua mupaka mwisho.

Shule ya musingi aliisomea Miti, kuanzia 1974 mupaka 1980, akashuka Bukavu kusoma ufundi, akaacha katika mwaka wa tatu, 1983, baba alipoanguka mugonjwa, na mwaka uliofuata akapokelewa Kadutu kwa muzee Bienfait, mufundi wa magari, ambaye alimufundisha miaka kumi na tatu kusikiliza gari kwa masikio mbele ya kuigusa kwa ufunguo wa boliti.

Tarehe 22 Julai 1995 alifunga ndoa takatifu na Apolline, muke wake mumoja, ambaye anasema siku ile ile ya ndoa bwana arusi alitoka kwenye karamu na koti lake jeupe akalala chini ya gari iliyowaleta, kwa sababu ilikuwa inagonga upande wa kushoto, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Gisèle wa mwaka 1996, Chris wa mwaka 1999, na Ornella wa mwaka 2004.

Tarehe 5 Januari 1998 alifungua garage yake pale Essence, na kazi iliyomupa jina ilikuwa silembloki, yaani ile mipira iliyo ndani ya chuma, inayoshika mikono ya magurudumu ili gari isigonge wala isiyumbe, na kwa magari yetu ya zamani na barabara zetu mipira hiyo haidumu, na pale ilipokosekana sokoni marehemu alichonga ya musaada kutoka tairi la camion, yaani lori, lakini hakuna hata mara moja alimufungia mutu tairi bila kumuambia, hii ni tairi, rudi mbele ya mwezi kuisha.

Sheria yake ilikuwa moja, mupira mupya haukaziwi gari ikiwa juu ya kriki, kile chuma cha kuinulia gari, na magurudumu yananing'inia, maana gari ikishuka mupira unajisokota ndani na kupasuka upesi, ni lazima gari ikanyage chini kwanza, juu ya shimo la garage, ibebe uzito wake, ndipo mufundi aingie shimoni akaze, na ili uzito utoshe aliwaita wapita njia waingie wakae ndani, mama wa ndizi na beseni yake, wanafunzi, na siku moja hata Baba Padri huyu alikaa nyuma na kitabu chake cha sala, marehemu akimuomba kutoka chini asijigeuze sana.

Sasa tumefika. Siku ile ya 17 Machi Papa Maneno alileta Corolla yake ya zamani, kaka alichagua mipira mipya kwa mukono wake, akamuachia Josué kazi, akaenda kumutazama mugonjwa, na mvua ilikuwa imejaza shimo maji mupaka kiunoni, na kuyateka kwa ndoo ilikuwa kazi ya saa nzima, na Josué alikuwa anangojewa kwenye mazoezi ya nyimbo za Pasaka, basi alikaza yote gari ikiwa juu ya kriki, akanawa mikono, na alipokuwa anavaa shati kaka alirudi, akatazama shimo, akatazama gari, akamuuliza, "Josué, ulikazia wapi?" naye akajibu, "Chini, yaya," yaani kaka mukubwa, kisha akaenda kumuimbia Mungu.

Tarehe 6 Aprili, mbele ya kufika Sange, kwenye barabara ya Uvira, mipira ya mbele ilipasuka, gari ikamuponyoka Papa Maneno ikaingia mutaroni, na Mama Salwa akavunjika mukono, na wiki iliyofuata Papa Maneno, kwa uchungu ambao hakuna anayemulaumu, alisimama katikati ya garage, Essence nzima inasikia, akasema, "Floribert, ulinifungia tairi ukaniambia ni mupya," na kaka akaokota ule mupira uliopasuka, akaugeuza mara mbili mbele ya macho, akautia mufukoni, akajibu, "Papa, ulikuwa mupya, lakini kazi ilitoka kwangu, nisamehe," na Josué alikuwa hatua tatu nyuma, na ufunguo mukononi, akainama akaendelea na kazi.

Tangu siku ile marehemu hakutulia tena, gari ikitoka garage aliifuata kwa miguu mupaka kwenye kona akisikiliza, misani aligeuza kichwa katikati ya mahubiri gari ikigonga barabarani, na watu walikuwa wanamutania kwamba Papa Floribert atasikia silembloki mupaka mbinguni, naye alicheka nao, lakini kuna wateja waliohama kwa sababu ya lile neno la tairi, na Josué, aliyekuwa anaimba sauti ya pili kila Jumapili, hakumaliza wimbo hata mumoja bila kusikia kitu kinamugonga kifuani.

Jumatatu tarehe 27 Mei 2024 tension, ugonjwa wa damu kupanda, ilimuangusha akiwa shimoni, upande wa kuume ukakufa, akalazwa, na Jumapili tarehe 9 Juni, saa ya chakula, alimushika Josué kwa mukono uliobaki akamuambia polepole, "Ile ya Papa Maneno, ulikazia juu ya kriki, mupira ulipasuka kwa kujisokota, niliuona siku ile ile," na Josué, badala ya kusema ndiyo, alimuambia, "Pumuzika kwanza, yaya, nikuletee supu," na aliporudi na supu ulimi wa kaka ulikuwa umefungwa, na haukufunguka tena, akaaga dunia Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 56.

Josué ameungama kwa Padri, naye alimuambia Mungu amesamehe, lakini jina lililochafuliwa mbele ya watu lisafishwe mbele ya watu, ndiyo sababu ya karatasi hii.

Jamaa inawashukuru waganga na wauguzi waliomuhudumia siku kumi na tano, Mungu awalipe, majirani wa Essence walioleta maji na viti, mafundi wenzake waliofunga garage zao leo, kwaya, na Apolline, aliyemufulia makoti ya mafuta miaka ishirini na tisa. Nenda, yaya, laza masikio yako, yanayogonga huku nyuma tutayakaza sisi, na tutayakazia chini.

Papa Maneno, mupira ulikuwa mupya, na mukono uliokosea ni huu ulioshika karatasi. Mama Salwa, unisamehe ukiweza. Lakini lile neno la tairi ulilisema umesimama, na wengi waliolisikia wako hapa. Tunakuomba, mbele ya watu kubeba sanduku, usimame tena, uliondoe.