Zikiwaka Zote

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sauti yangu si ile mliyoizoea, mnivumilie. Tunamkumbuka fundi umeme mmoja, aliyefariki Jumanne kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka sitini na moja. Wengi wenu mlimjua kwa jina la utani, Zikiwaka Zote.

Jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukimwita akufungie umeme wa saluni, wa mashine ya kusaga, hata wa banda la kuku, kabla hajafungua mkoba anakuuliza: "Na zikiwaka zote je?" Unamwambia, fundi, nina balbu mbili na redio. "Sawa, lakini zikiwaka zote?" Watu walicheka mpaka basi. Hata mimi nilicheka. Hakuna aliyemuuliza swali hilo alilitoa wapi.

Alilitoa kwa mdogo wake wa kike.

Turudi nyuma miaka kumi na moja. Mdogo wake huyo ni dobi. Narudia, dobi, tena hodari, shati lako likitoka kwake unaogopa kukaa. Akaachana na beseni, akafungua chumba cha mashine: nne za kufulia, tatu za kukaushia, na pasi tatu za mvuke. Umeme wake ukawa wa fezi tatu, yaani njia tatu zinazogawana mzigo. Na nani aufunge kama si kaka mtu?

Fundi akapiga hesabu. Alipenda mpangilio, kila ukoo na chumba chake. Mashine za kufulia fezi ya kwanza, kilowati nane. Pasi fezi ya tatu, kilowati tisa. Za kukaushia zote akazipeleka fezi ya pili. Kila moja hula kilowati sita, jumla kumi na nane. Lakini kilikuwa kiangazi, nguo zinakauka kambani. Akasema hizi haziwezi kuwaka pamoja, akaandika nusu. Nane, tisa, tisa. Kwenye karatasi mzigo umekaa sawa kabisa.

Mdogo wake akachungulia. "Kaka, na zikiwaka zote je?"

"Aa, wewe fua bwana, umeme niachie mimi!"

Mvua zikaja, kamba zikakosa kazi. Mashine zote tatu za kukaushia zikawaka kutwa nzima. Swichi ya fezi ya pili ikawa inajikata kila nusu saa, na ilikuwa na haki ya kujikata. Dobi akampigia kaka yake. Fundi akaja mbio mbio, akaweka swichi kubwa zaidi. Waya ukabaki ule ule mwembamba, unapata moto na swichi haikati tena. "Ni kwa leo tu," akasema. Wasikilizaji, hiyo leo ilichukua wiki tatu.

Moto ulianza saa nne asubuhi, kwenye waya ndani ya ukuta. Hakuna aliyeumia, lakini chumba kiliteketea pamoja na nguo za watu. Mtaa ukatoa hukumu palepale: dobi ana tamaa, kawasha mashine zote kwa mpigo. Fundi alikuwepo, anasikia. Dobi akamtazama kaka yake, akisubiri neno moja. Kaka akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Miaka kumi na moja, na wametoka tumbo moja!

Mjane wa fundi ameniruhusu kuyasema haya. Anasema: "Nilimwambia, baba, nenda kwa mdogo wako ukamwombe radhi. Akanijibu, aibu niliyomtia ni ya mtaa mzima, siwezi kuifuta chumbani."

Sasa nifike kwangu. Mwaka jana fundi alikuja hapa studio, shati limepigwa pasi, karatasi mkononi. "Mwanangu, mdogo wangu hakikosi kipindi chako. Nipe dakika tano tu niseme nilikosea." Nikaitazama ile karatasi. Kilowati, fezi, nusu ya kumi na nane. Nikamwambia, mzee wangu, hesabu hizi zitawasinzisha watu, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo akaja, nikawa na mgeni mwingine. Akaja mara ya tatu. Nikamwambia mlinzi aseme niko mkutanoni. Sikuwa mkutanoni. Nilikuwa nakunywa chai.

Mjane anasema mumewe alikuwa akifanya mazoezi mbele ya kioo, dakika tano barabara, asije akanipotezea muda. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia leo si langu peke yangu. Najuta, wasikilizaji. Najuta sana.

Mama mjane, wewe na wanao wawili, poleni. Mungu awatie nguvu. Mafundi wenzake, poleni. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu anabeba kosa lako, mfuate leo, tena mbele ya waliomlaumu. Usimsubiri mtangazaji amalize chai yake.

Mazikoni dobi alikuja, akasimama nyuma, akaondoka. Dada yangu, najua unanisikia. Karatasi ya kaka yako ninayo hapa, mjane kanipa. Nasoma mwisho wake, kama alivyoandika:

"Mashine zilikuwa tatu, mimi nikaandika moja na nusu. Hesabu ilikuwa yangu. Swichi ilikuwa yangu. Mdogo wangu hakuwa na tamaa. Alikuwa anafua nguo tu."