Ignace Cishugi, Aliyeuliza Mchezo Unatufanya Nini

Ignace Cishugi, mwana wa papa Philémon na maman Christine, alizaliwa Bunyakiri tarehe 14 Machi 1983. Shule ya msingi alisoma kulekule, na diploma ya serikali akaipata hapa Bukavu mwaka 2002. Mwalimu wake alizoea kumwambia, "Ignace, hadithi imekwisha, wewe bado unauliza!"

Mwaka 2009 alifungua chumba cha michezo ya video mtaani Nyalukemba. Sheria ilikuwa moja: kabla ya kumpa mwenzako manette, kile kidude cha kuchezea, unasimama, unaeleza kwa nini ulifanya ulichofanya. Ni mchezaji mmoja tu, Adèle, aliyekataa. "Nilitaka kushinda, basi!" Tarehe 20 Agosti 2011 yeye na Ignace wakafunga ndoa kanisani.

Baadaye alipewa kipindi redioni, cha kuchambua michezo. Jumamosi moja akachambua mchezo wa wachimbaji: shimo linabomoka, unafunga mlango wenzako wangali ndani, unapata pointi. Guy, mchimbaji wa Kamituga, alikuwa ameucheza chumbani kwa Ignace, akakataa kufunga, akashindwa. Ignace akasema hewani, "Muchezo iko muzuri kwa macho, lakini iko muoga. Unatufungisha mulango, halafu hauulize mwenye kufunga atalala namna gani."

Mkurugenzi akamwita. "Papa Ignace, sema picha na mwendo tu. Zamiri ni kazi ya mapadri. Ama utoke kwa antena."

"Directeur, padri hakushika manette. Ni siye tulifunga mulango."

Akatoka. Kipindi alichokipenda kuliko vyote kikafa siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata akapanga viti chumbani kwake na kuendelea. Wakaja wachezaji, wakaja na wasiocheza. Maman Euphrasie, muuza sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliuliza, "Ule mwenye kufunga, iko na watoto? Kama iko nao, hata mimi ningefunga!" Kelele zikazuka. Ignace akapiga makofi: "Maman, njo critique hiyo, njo kuchambua kwenyewe!"

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Kitandani aliomba jambo moja, chumba kisifungwe. Guy akashika nafasi yake. Ignace alifariki hospitalini Jumapili tarehe 4 Februari 2024, Adèle akiwa kando yake.

Ameacha mama yake, maman Christine. Mjane wake, Adèle. Watoto wawili, Fabiola na Luc. Dada yake, Agnès. Na chumba kizima cha watu ambao juzi, msiba ukiwa bado mbichi, walikuwa wanabishana kama ule mlango ulistahili kufungwa.

Yeye apumzike kwa amani. Siye tutabishana.