Nusu Siku ya Mama Matone

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, muuguzi wa zahanati ya kiwanda chetu cha sare anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wote tunamwita Mama Matone. Niliombwa niandike wasifu wa kuchekesha. Nitajaribu, ila nina hasira, na yeye ndiye aliyenifundisha kutoificha.

Aliingia hapa akiwa binti mwembamba mwenye sauti ya kuamsha ghorofa nzima. Ametufunga vidole vilivyotobolewa na sindano, ametuliwaza tulipofiwa, na aliwahi kumtoa bosi mbio zahanati kwa kuingia na viatu vya tope. Hana dogo, mama huyu.

Jina la Mama Matone lilikuja alipoanza kuwafuatilia wenzetu wenye kisukari. Alisema sukari huharibu vijishipa vya damu nyuma ya jicho kimyakimya, bila maumivu, huku mtu bado anaona vizuri, kwa hiyo lazima aangaliwe kila mwaka. Sisi mafundi tukamcheka. Kwetu kipimo cha macho kilikuwa kimoja tu: ukipitisha uzi kwenye tundu la sindano mara ya kwanza, u mzima. Watu walikuwa wakienda mlangoni kwake, wanatunga uzi mbele yake, kisha haoo, wanaondoka kwa madaha. Loo, tulivyokuwa wajinga!

Lakini ofisi nayo ilikuwa na lake. Kipimo hicho huhitaji kutiwa matone ya kupanua mboni, na matone hayo hutia ukungu machoni kwa saa kadhaa. Huwezi kushona wala kukata. Ukienda kupimwa, unaandikwa mtoro. Mama Matone akaomba nusu siku tu kwa mwaka, mashine zizimwe, wataalamu waje na kamera yao ya kupiga picha ndani ya jicho. Akajibiwa kwamba mashine hazizimwi, oda zinasubiri. Kila mwaka aliomba, kila mwaka jibu lile lile, tena wakamwambia kwa upole wa kukera asijipe presha.

Mkataji wetu mkuu, ambaye kiwanda kizima kinamwita Shemeji, naye ana kisukari, lakini alimpiga chenga miaka yote kwa kuogopa huo utoro. Asubuhi moja akaweka mkasi chini, akasema kuna kitu cheusi kama wino kinamwagika ndani ya jicho la kushoto. Hospitali wakamwambia amechelewa. Jicho hilo limekwenda. Siku ile Mama Matone hakupiga kelele. Alijifungia zahanati akalia. Jicho la Shemeji la upande wa kulia nalo limeanza kuguswa na sukari. Linaweza kuokolewa akifuatiliwa, lakini Shemeji amekosa kurudi hospitali mara mbili, kisa utoro ule ule. Jicho hilo ndilo linalomnyima mama wa watu usingizi.

Sasa sikieni kituko. Majuzi likabandikwa tangazo kwamba Ijumaa mashine zitazimwa kuanzia saa sita mchana, kwa ajili ya hotuba, soda na keki za kumuaga. Kumbe zinazimika! Nilitamani kulichana. Yeye alilisoma mara mbili, akaenda moja kwa moja ofisini, akasema nusu siku hiyo ni yake na hotuba hataki. Meneja alijaribu kumbembeleza, hakufua dafu.

Basi wataalamu wa macho watakuja ukumbini na kamera, na kila mwenye kisukari atatiwa matone. Wa kwanza ni Shemeji; mkewe ameapa kumleta hata kwa kumkokota. Na ninyi wa ofisini wenye sukari, tunawajua, msijitie hamnazo.

Mama Matone, asante kwa kutupigania hata tulipokucheka. Ni aibu kwamba ilibidi ustaafu ndipo mashine zizimwe. Mwakani tutaidai nusu siku hiyo wenyewe, na kwa kelele kama zako. Nenda ukapumzike, ulale mchana, uishi kwa afya na furaha. Na Ijumaa ukiona tunampungia mkono mtu mwingine tukidhani ni wewe, ujue kazi yako imefanyika.